Kupita na Kupitwa kwa Usalama Kwenye Njia ya Baiskeli: Mwongozo Kamili kwa Waendesha Skuta za Umeme na Waendesha Baiskeli

Wasomaji wengi wameniandikia wakieleza ajali ileile kwa maneno tofauti. Mwendesha skuta ya umeme, yaani ule ubao wa magurudumu mawili unaoendeshwa kwa kusimama, alimfikia mwendesha baiskeli kwa nyuma, akaona nafasi inatosha, akapita. Katika kupita huko ncha za usukani zikagusana na wote wawili wakajikuta chini. Wengine walikuwa wamevaa kofia ngumu, taa zao zilikuwa zikiwaka na kengele ilipigwa, na bado walianguka.

Kwa maoni yangu, tatizo lao halitokani na uzembe. Wamefundishwa kuogopa mwendo mkubwa, lakini hawakufundishwa kuangalia tofauti ya mwendo. Watu wawili wanaokwenda kilomita 20 kwa saa, mmoja akiwa nyuma ya mwenzake kwa umbali wa kutosha, wako salama zaidi kuliko mtu wa kilomita 25 anayempita mtu wa kilomita 12 kwenye njia yenye upana wa mita 1.5. Sehemu kubwa ya hatua zilizo hapa chini inalenga kupunguza tofauti hiyo kabla hamjakaribiana, na kumpa mwenzako taarifa mapema kiasi cha kumwezesha kuitumia. Zisome zote, zikiwemo zile zinazohusu chombo usichokiendesha, kwa maana nusu ya usalama wako iko mikononi mwa mtu wa chombo kile kingine.

## Vitu vya kuandaa

- Kofia ngumu yenye alama ya kiwango kinachotambulika, kwa mfano EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani.
- Taa nyeupe ya mbele na taa nyekundu ya nyuma. Mwenye skuta aongeze taa nyekundu ya pili juu ya mkoba au nyuma ya kofia, kwa kuwa taa ya nyuma ya skuta nyingi iko karibu sana na ardhi na hufichwa kwa urahisi na chombo kingine.
- Kengele inayofikiwa na kidole gumba bila mkono kuachia mshikio.
- Pampu yenye kipimo cha shinikizo la hewa.
- Glavu zinazofunika viganja. Anayeanguka hutanguliza mikono, na ngozi ya kiganja ikichubuka, hata kushika breki siku inayofuata huwa shida.
- Mikanda inayoakisi mwanga, ya kufunga kwenye vifundo vya miguu. Kwa mwendesha baiskeli mikanda hii hupanda na kushuka pamoja na pedali, na jicho la dereva hutambua haraka kwamba mwendo huo ni wa mtu.
- Chaki, futi ya utepe na kiwanja kitupu cha saruji au lami, kwa ajili ya mazoezi ya hatua ya 3 na ya 5.

Vipokea sauti vya masikioni viache mfukoni. Skuta ya umeme ina sauti ndogo sana, na mara nyingi mlio wa matairi yake ndio ishara pekee utakayoipata.

Jambo moja la kisheria lifanyike kabla ya yote: tafuta kanuni za mahali unapoendesha, kwa kuwa zinatofautiana sana. Ujerumani, skuta za umeme zina ukomo wa kilomita 20 kwa saa na hutakiwa kutumia njia ya baiskeli pale inapokuwepo. Ufaransa, ukomo ni kilomita 25 kwa saa, na umri wa chini wa mwendeshaji uliongezwa mwaka 2023 kutoka miaka 12 hadi 14. Nchi zote mbili zimekataza kupakia mtu wa pili kwenye skuta, na hata pale ambapo sheria imenyamaza, usipakie: ubao ule umeundwa kwa uzito wa mtu mmoja, na breki zake pia.

## Hatua ya 1: Kijue chombo cha mwenzako

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami naiona kuwa ndiyo msingi wa zote.

Gurudumu la skuta kwa kawaida lina kipenyo cha sentimita 20 hadi 25, ilhali la baiskeli ya mtu mzima hukaribia sentimita 70. Shimo ambalo baiskeli hulivuka kwa mtikisiko mdogo linaweza kulimeza gurudumu la skuta na kumrusha mwendeshaji mbele. Kwa hiyo mwendesha skuta aliye mbele yako anapohama ghafla, mara nyingi anakwepa kitu ambacho wewe uliye juu ya baiskeli hukukiona kuwa na hatari yoyote. Hachezi, na mpe nafasi hiyo.

Mwendesha skuta naye anapaswa kuelewa kwamba baiskeli hainyooki wakati wote. Inapoanza kuondoka, gurudumu la mbele huyumba mpaka mwendo upatikane. Kwenye mwinuko, mtu husimama juu ya pedali, na kila anaposukuma mguu mmoja chombo hulala upande mmoja, kisha upande wa pili. Nafasi uliyoipima alipokuwa ameketi haitakuwepo tena anaposimama.

Kuna tofauti nyingine kuhusu mikono. Mwendesha baiskeli huketi na kushika usukani mpana, kwa hiyo anaweza kunyoosha mkono kuonyesha anakoelekea bila kupoteza uthabiti. Mwendesha skuta amesimama wima juu ya magurudumu madogo, akishikilia usukani mfupi, na mkono mmoja ukiachia, chombo huanza kutikisika. Skuta isiyo na taa za kugeukia haitakupa ishara ya mkono unayoitegemea. Tazama kichwa na mabega yake: mtu hutazama anakokwenda kabla ya kwenda.

Ukiweza, badilishaneni vyombo na rafiki kwa dakika kumi katika kiwanja kitupu. Utakuwa umeielewa hatua hii utakapoitazama njia iliyo mbele yako na kusema, kabla hajafika, ni wapi mwenye skuta atahama na ni wapi mwenye baiskeli atayumba.

## Hatua ya 2: Kagua chombo kabla ya kutoka

Ukaguzi huu huchukua muda mfupi. Shika breki ya mbele na usukume chombo mbele; gurudumu lisizunguke. Fanya vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Mkono wa breki ukigusa mshikio kabla gurudumu halijakamatwa, waya unahitaji kukazwa au vitambaa vya breki vimekwisha. Jaza hewa kufuata kiwango kilichochapishwa ubavuni mwa tairi. Matairi ya skuta yasiyo na hewa hayahitaji kujazwa, lakini hushika vibaya zaidi penye maji, na mwenye nayo apunguze mwendo mapema zaidi mvua inaponyesha.

Kwenye skuta inayokunjwa, kagua kifungio cha nguzo ya usukani kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Shika breki ya mbele, kisha vuta na sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia ulegevu wowote, hata wa milimita chache, au mlio wa chuma kugonga chuma, usiipande mpaka kifungio kikazwe.

Onyo: kifungio kikifunguka chombo kikiwa kwenye mwendo, nguzo huanguka pamoja na mikono iliyoishika, na mwendeshaji hana muda wa kufanya lolote.

Kofia ngumu iketi wima, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na kati ya kidevu na mkanda kipite kidole kimoja au viwili tu. Tikisa kichwa kwa nguvu. Kofia ikiteleza kuelekea kisogoni, paji la uso litakuwa wazi siku utakapoihitaji.

## Hatua ya 3: Pima umbali wako wa kusimama

Watu wengi hawajui wanahitaji mita ngapi ili wasimame; wanakisia, nao hukisia chini ya ukweli. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa kilomita 15 kwa saa unakwenda mita 4.2 kila sekunde, kwa kilomita 20 ni mita 5.6, na kwa kilomita 25 ni karibu mita 7. Mtu makini huhitaji takriban sekunde moja kuona hatari na kuanza kushika breki. Maana yake ni kwamba kwa kilomita 25 umeshasogea mita 7 kabla breki haijafanya kazi yoyote. Nguvu ya kugonga nayo huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 15 hadi 25 inakuwa karibu mara tatu.

Fanya zoezi hili kiwanjani:

1. Chora mstari wa chaki. Uendee kwa kilomita 15 kwa saa na ushike breki gurudumu la mbele linapougusa.
2. Pima kutoka mstarini hadi uliposimama. Rudia mara tatu na uchukue umbali mrefu zaidi, maana huo ndio utakaokupata siku umechoka.
3. Rudia kwa kilomita 20, kisha kwa mwendo wako mkubwa wa kawaida.
4. Kwa kila mwendo, ongeza mita unazosafiri katika sekunde moja. Jumla hiyo ndiyo umbali wako halisi.

Namna ya kushika breki hutofautiana. Mwenye skuta akunje magoti, asogeze nyonga nyuma na kuweka uzito kwenye mguu wa nyuma. Sababu ni kwamba mwili wake uko juu na magurudumu yako karibu karibu; akibaki wima na mikono ikiwa imenyooka, chombo kitasimama na yeye ataendelea mbele kupita juu ya usukani. Mwenye baiskeli atumie breki zote mbili kwa pamoja, akiongeza nguvu ya mbele polepole. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa kwa sababu uzito huhamia mbele wakati wa kusimama, na anayetegemea ya nyuma peke yake huishia kuburuza tairi.

Onyo: usianze zoezi kwa kuikamata breki ya mbele kwa nguvu zote. Ongeza kidogo kidogo, ukivaa kofia na glavu.

Umefaulu ukisimama ukiwa umenyooka, magurudumu yote mawili yakiwa chini, bila tairi kuburuzika, na ukijua mita zako kwa kichwa. Kuanzia hapo, acha nafasi ya angalau sekunde mbili nyuma ya mtu yeyote aliye mbele yako. Chagua alama ardhini. Akiipita, hesabu polepole moja, mbili. Ukiifikia kabla ya kumaliza, umemkaribia mno. Kwenye lami yenye maji, hesabu hadi nne.

## Hatua ya 4: Chagua mstari wako ndani ya njia

Usijibanze kwenye ukingo. Hapo ndipo vioo vilivyovunjika, mchanga na mifuniko ya mifereji hukusanyika, na ukilazimika kukwepa huna pa kwenda isipokuwa upande mmoja. Endesha ukiacha sentimita 40 hadi 50 kati ya ncha ya usukani na ukingo, kwa mstari ulionyooka, ili wa nyuma yako aweze kukubashiri.

Njia inapopita kando ya magari yaliyoegeshwa, kaa mbali na milango yake kwa mita moja au zaidi. Upana wa njia usipokuruhusu, shuka hadi mwendo unaoweza kusimama ndani ya urefu wa gari moja. Tazama ndani ya magari kupitia kioo cha nyuma: kichwa cha dereva, taa ya ndani inayowaka, taa za breki zilizozimika sasa hivi, gari linalosimama kushusha abiria. Usiingie kwenye mapengo kati ya magari yaliyoegeshwa kisha ukatoka tena, kwani kwa aliye nyuma yako kutoka huko ni sawa na kuchomoza kutoka ukutani.

Mwenye skuta azoee kutazama ardhi mita 10 na zaidi mbele, ili anapokwepa shimo ahame taratibu badala ya kuruka pembeni. Reli za tramu, yaani treni ya mjini inayopita barabarani, zivukwe kwa pembe inayokaribia mraba, usukani ukiwa umenyooka na bila kushika breki juu ya chuma chenyewe.

## Hatua ya 5: Kupita mwenzako

Tumefika pale ambapo wengi wameanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Anza na upana. Usukani wa baiskeli ya kawaida una sentimita 60 hadi 70. Usukani wa skuta ni mfupi zaidi, lakini mabega na viwiko vya aliyesimama juu yake huhitaji sentimita 50 na zaidi. Kwenye njia ya mita 1.5, vyombo viwili vikiwa sambamba hubakiza takriban sentimita 30 za kugawana mara tatu: kati ya mmoja na ukingo, kati ya wao wawili, na kati ya wa pili na mpaka wa njia. Mwenye baiskeli anayekaa sentimita 40 kutoka ukingoni, kama nilivyoshauri hapo juu, ameshaimaliza nafasi hiyo yote, naye hajakosea. Kwenye njia ya upana huo, msipitane isipokuwa wa mbele amesogea ukingoni kwa hiari yake, au sheria na hali ya barabara zinakuruhusu kutoka nje ya njia kwa usalama. Kwenye njia ya mita 2 kupitana kunawezekana, lakini kwa tofauti ndogo ya mwendo.

Sasa muda. Ukiwa na kilomita 20 na mwenzako 15, unamkaribia kwa mita 1.4 kwa sekunde. Kutoka mita 10 nyuma yake una sekunde 7. Ukiwa na 25 na yeye 12, mita hizo hizo 10 zinaisha kwa chini ya sekunde 3. Ndani ya muda huo anatakiwa akusikie, aelewe, aamue na asogee. Hawezi.

Mimi mwenyewe nimelisababisha kosa hili. Nilikuwa kwenye skuta, na mbele yangu alikuwa mwanamke kwenye baiskeli yenye kikapu. Nilipiga kengele nikiwa tayari nimefika usawa wa gurudumu lake la nyuma. Aligeuza kichwa kutazama, bega likafuata kichwa, usukani ukafuata bega. Mshikio wake ulinigonga kwenye kifundo cha mkono, kikapu kikanasa kwenye nguzo ya skuta, na yeye akaangukia viwiko vyote viwili. Mimi nilibaki nimesimama, na sikuwa nimepata hata mchubuko. Kengele niliipiga, lakini niliipiga wakati ambapo haikuweza kumsaidia tena, na badala yake ilimvuta kuja upande wangu.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu, na ndio ninaoufundisha:

1. Linganisha mwendo kwanza. Punguza mpaka uwe na mwendo sawa na wake, sekunde mbili nyuma yake. Kuanzia hapo haraka yako haimhusu.
2. Tazama nyuma juu ya bega lako. Inawezekana kuna mtu wa tatu ambaye ameshaanza kukupita.
3. Piga kengele mara moja ukiwa umbali wa mita 10 hivi. Usipige mfululizo, mlio wa mfululizo humshtua mtu, na anayeshtuka hugeuka.
4. Subiri jibu. Linaweza kuwa mkono, kuinua kichwa, au kusogea kidogo. Asipojibu, huenda hakukusikia au hasikii kabisa. Baki nyuma, ujaribu tena kwa sauti ya kawaida ukisema upande unaopitia.
5. Pita kwa mwendo unaozidi wake kwa kilomita 5 hadi 6 tu kwa saa, yaani kana kwamba unampita kwa hatua za mtu anayetembea haraka. Acha nafasi ya urefu wa mkono kati yenu.
6. Usirudi mbele yake mapema. Endelea sambamba na mstari wako mpaka uwe umemwacha kwa mita 5 au zaidi, utazame, ndipo urudi.

Pita upande ule ambao magari ya nchi hiyo hupitana: upande wa kulia mahali ambapo watu huendesha kushoto, na upande wa kushoto mahali ambapo huendesha kulia. Usipite kamwe kati ya mtu na ukingo wa njia.

Anayepitwa naye ana wajibu, ingawa ni mdogo. Aendelee kwa mstari wake, asiongeze mwendo, asigeuke kutazama, na atoe ishara fupi kwamba amesikia. Akigeuka kutazama ataharibu kila kitu, kama nilivyoeleza.

Usipite kabisa karibu na makutano, kwenye kona, kwenye kituo cha basi, kwenye mwinuko ambapo mwenye baiskeli amesimama juu ya pedali, mahali penye mashimo, au pale ambapo mbele yake kuna mtoto anayeendesha. Mtoto haumudu mstari wake, na hilo si kosa lake.

Jaribu kwanza kiwanjani: chora mistari miwili ya chaki yenye upana wa mita 2 na mpitane mara kumi, mkibadilishana nafasi. Umefaulu iwapo anayepitwa hakuwahi kugeuza usukani, na iwapo angeulizwa angesema alijua ulipo tangu mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 6: Njia ya pande mbili

Mnapokutana ana kwa ana, miendo hujumlishwa. Wawili wa kilomita 20 hukaribiana kwa mita 11 kila sekunde, na kwa sababu hiyo hakuna kupita mtu wakati kuna anayekuja, hata akionekana yuko mbali. Usiku, inamisha taa yako ya mbele iangaze ardhi, kwani taa inayopiga usoni humfanya anayekuja aendeshe bila kuona mbele kwa sekunde kadhaa.

## Hatua ya 7: Makutano na taa za barabarani

Hatari kubwa hapa ni gari linalokata kona mbele yako wakati wewe unakwenda moja kwa moja. Usitegemee taa yake ya kugeukia peke yake. Tazama magurudumu ya mbele, maana yanaanza kugeuka kabla ya gari zima. Kwa lori na basi, kaa nyuma kabisa, au mbele kabisa mahali ambapo unaona uso wa dereva. Ubavu wa lori una eneo ambalo dereva halioni, na linapokata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, yakilifuta lile pengo ulilosimama. Pengo hilo linavutia kwa sababu ni wazi. Usiingie.

Taa ikiwa nyekundu, waendesha skuta na baiskeli wajipange mmoja nyuma ya mwingine kwa kufuata walivyofika. Inapogeuka kijani, skuta hupata mwendo haraka na kimya, wakati baiskeli iliyo mbele yake bado inayumba. Kwa hiyo mwenye skuta aliye nyuma amwache wa mbele aondoke, ahesabu sekunde mbili, ndipo abonyeze kitufe cha mwendo. Asitafute upenyo wa kumtangulia.

Mwenye skuta isiyo na taa za kugeukia, anayehitaji kuvuka barabara kubwa ili akate kona, ana njia iliyo salama kuliko kuachia mkono: asogee pembeni, ashuke, na avuke kwenye kivuko kwa miguu akiisukuma. Inamgharimu dakika moja.

Kwenye vituo vya basi, punguza hadi mwendo wa kutembea au usimame. Abiria anayeshuka hutazama ngazi, hatazami njia ya baiskeli. Asiyeona, mwenye fimbo nyeupe, hana namna ya kujua kwamba skuta inakuja. Simama mpaka avuke. Na ukimaliza safari, usiiache skuta yako ikiwa imekatiza njia ya baiskeli au ya watembea kwa miguu, kwa kuwa kwa huyo huyo mwenye fimbo skuta iliyolala chini ni mtego.

## Hatua ya 8: Usiku, mvua na pombe

Rangi iliyopakwa barabarani, mifuniko ya chuma na majani yaliyooza huteleza yakiloa, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuyafikia na uyavuke ukiwa umenyooka. Dimbwi lichukulie kuwa shimo, kwa sababu huoni kilicho chini yake. Ukiwa umekunywa, usiendeshe chombo chochote kati ya hivi viwili; skuta hasa husimama kwa uwezo wa mwili wako wa kujisawazisha, na pombe huanza na uwezo huo.

## Hatua ya 9: Mkiwa mmegongana

Tokeni njiani kwanza, kama kusogea hakuwaongezei maumivu, ili wanaokuja wasiwakute katikati. Aliyepoteza fahamu au anayelalamikia shingo asisogezwe wala kuvuliwa kofia, isipokuwa akiwa hapumui au yuko katika hatari nyingine ya mara moja. Mwingine asimame nyuma akiwaonya wanaokuja, na msaada wa dharura uitwe. Aliyegonga kichwa, hata akisema yuko salama, asiachwe peke yake kwa saa kadhaa. Akitapika, akichanganya maneno, akisinzia isivyo kawaida au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Kofia iliyopokea pigo itupwe, hata kama haina ufa unaoonekana. Tabaka lake la ndani hufyonza pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halitafanya kazi hiyo tena. Kwa baiskeli, angalia uma wa mbele, unyoofu wa magurudumu na breki. Kwa skuta, rudia ukaguzi wote wa kifungio kilichoelezwa katika hatua ya 2.

Betri ya skuta ikiwa imebonyea, imevimba, inatoa harufu isiyo ya kawaida au ina joto bila kutumika, usiichaji na usiiingize ndani ya nyumba. Iache nje, mbali na vitu vinavyoshika moto na mbali na mlango mnaoutegemea kutokea, mpaka fundi wa skuta za umeme aikague.